Msivioshe

Fundi Miwani alifunga duka saa kumi na moja na nusu jioni, akatia funguo kwenye mkoba, akashika njia ya nyumbani. Siku nzima alikuwa amesaga vioo. Kazi yake ndiyo hiyo: daktari wa macho anaandika namba kwenye karatasi, yeye anakata kioo, anakisaga kingo, anakipachika kwenye fremu, kisha anakiinua juu penye mwanga kutafuta mkwaruzo ambao mtu mwingine hawezi kuuona. Wateja walizoea kusema kwamba jicho la yule mwanamke halichezewi.

Njiani alipitia duka la vyakula. Alisimama mbele ya trei za mayai, mkono umeshanyooka, akajiuliza hii ni jioni ya ngapi ya mayai na mkate. Hata kuku wenyewe wangekuwa wameshachoka. Akaurudisha mkono. Ndipo alipokumbuka.

Leo Jumatatu. Leo chakula kinaletwa.

Mambo yalianzia bafuni. Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, aliteleza kwenye povu la sabuni akavunjika mkono wa kulia. Mkono huo ndio uliokuwa ukiendesha jiko la nyumba ile. Mume wa Fundi alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, akiondoka leo usimhesabie mwezi mzima. Wakabaki watatu: Fundi mwenyewe, Bibi na mkono wake kwenye plasta, na binti wa miaka saba aliyepewa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa. Chiriku aliamka akisema, akalala akisema. Siri kwake ilikuwa kama maji kwenye chujio. Ukitaka kujua nani kavunja kikombe, unachuchumaa mbele yake, unamwangalia machoni, unamwuliza taratibu. Anakueleza mpaka usichouliza.

Aliyemwambia Fundi habari za chakula cha kuletwa alikuwa dada wa mapokezi pale kazini.

"Mimi nimeacha kupika kabisa," alisema. "Jumatatu jioni wanakuletea cha wiki nzima. Unaweka kwenye friji, kila jioni unapasha tu. Jaribu mwezi mmoja, usipopenda si unaacha?"

Fundi akaandika ujumbe mfupi kwenye namba aliyopewa. *Watu watatu, chakula cha jioni, kuanzia Jumatatu.* Akaongeza anwani. Basi.

Bibi alipopewa taarifa aliangalia dari.

"Kwani mimi nimefungwa jela niletewe chakula mlangoni?"

"Mama, ni mpaka mkono upone."

"Haya. Nitakula nikilia."

Saa kumi na mbili kamili mlango uligongwa. Mara tatu, polepole.

Alikuwa mwanamke mwenye aproni ya kijivu, ameweka makreti mawili chini miguuni. Fundi alikuwa na kawaida ya kukumbuka watu kwa pua na masikio, maana ndipo miwani inapokaa. Lakini huyu, kila alipoondoa macho usoni pake, pua ile ilimtoka kichwani. Ilikuwa kama kuandika kidole kwenye maji.

"Ndiye wewe wa watu watatu?" Sauti yake ilikuwa bapa, haipandi wala haishuki.

"Ndiye. Karibu ndani."

"Hapa panatosha." Akasukuma makreti kwa mguu mpaka kizingitini. "Jambo moja, dada. Jumatatu ijayo naleta vingine, nachukua vyombo hivi. Msivioshe."

"Tusivioshe?"

"Mkishakula, mfunike. Kuosha tutaosha sisi."

Akaondoka. Fundi aliinama juu ya makreti. Vyombo ishirini na kimoja vya plastiki, vyenye mifuniko. Alifungua kimoja, akafungua cha pili. Wali, maharage, mboga za majani, vipande vya nyama kwenye mchuzi mzito. Vyote bado vya moto.

Na hakuna harufu.

Alipeleka pua karibu kabisa. Hakuna kitu. Kisha akaona maandishi kwenye mifuniko, kwa wino mweusi, mkono wa kutetemeka kama wa mtu anayejifunza kuandika. BIBI. MAMA. MTOTO.

Alitoa simu, akausoma tena ujumbe wake. Watu watatu. Hakuwa ametaja bibi. Hakuwa ametaja mtoto.

*Dada wa mapokezi atakuwa amewaambia*, alijituliza. *Naye mdomo anao.*

Mezani, Bibi alichukua kijiko kwa mkono wa kushoto akiwa amenuna. Akatia cha kwanza mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Mama? Kibaya?"

Bibi alikishusha kijiko. Macho yake yalikuwa yameloa.

"Mama yangu," alisema mwishowe, "alikuwa anaunguza vitunguu. Kidogo tu, upande mmoja. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa, upande huo wa sufuria hakuuona. Sisi watoto tulidhani vitunguu ndivyo vilivyo." Alikiangalia kijiko. "Ladha yenyewe ni hii hapa. Nani aliwaambia? Waliojua wote wameshazikwa. Nimebaki mimi."

Chiriku alikuwa ameshamaliza. "Mimi changu kina ladha ya siku ya kuumwa," alisema, "ile mama alinipikia supu akanilalia miguuni."

Fundi alikula chakula chake. Kilikuwa kitamu. Kitamu mno. Hakumwambia mtu kwamba ndani yake mlikuwa na chakula cha jikoni kwa shangazi yake, siku ya kwanza alipopelekwa kuishi huko, akiwa na miaka sita.

*

Kulelewa ni kulelewa. Jumapili ilipofika, Fundi alishindwa kabisa kufikiria kumkabidhi mtu vyombo vichafu. Akavisugua vyote ishirini na kimoja, akavipanga kwenye kreti vikiwa vinang'aa.

Jumatatu yule mwanamke alifungua mfuniko mmoja. Akainusa plastiki.

"Hivi vimeoshwa."

"Nisamehe, dada, niliona aibu..."

"Wiki hii mtakula hivyo hivyo." Hakukasirika. Alisema kama anayetoa habari ya mvua.

Wiki hiyo chakula kilikuwa na rangi ya chakula, moto wa chakula, lakini mdomoni ilikuwa kama kutafuna gazeti. Chiriku alisukuma chombo chake mbali.

"Mama, hiki kimekufa."

Bibi naye alikula vijiko viwili kila jioni, akabaki anaangalia mlango. Fundi aliona aibu ya namna nyingine: kwamba naye alikuwa anaihesabu Jumatatu kama mtoto anavyohesabu siku za likizo. Safari hii hakuosha. Vyombo vilikaa pembeni ya jiko na mabaki yakikaukia kwenye kingo, naye kila alipopita alijisikia kama ameacha mlango wazi.

Jumatatu ya tatu, yule mwanamke alifungua kimoja, akatumbukiza pua ndani, akafumba macho. Alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayenusa utosi wa kichanga.

"Ahsante," alisema.

Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda na kushuka. Fundi alihisi anaijua ile namna ya kupanda. Hakukumbuka ni ya nani.

Chakula kilirudi kuwa kitamu. Kitamu kuliko mwanzo.

Jumatano Bibi alitolewa plasta. Alhamisi asubuhi akajifunga kanga kiunoni, akatangaza kwamba sasa watu wataonja mkono wa mwenye nyumba. Fundi, aliyekuwa na zamu ya mchana, alimwacha jikoni akaenda kukunja nguo. Alisikia sufuria ikiwekwa. Alisikia kiberiti.

Kisha kimya.

Alipochungulia, Bibi alikuwa amesimama mbele ya moto. Mkono mmoja kitunguu, mkono mwingine kisu. Sufuria tupu ilikuwa inaanza kuwa nyekundu chini.

"Mama!"

Bibi aligeuka taratibu. Alikuwa na sura ya mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Mkwe wangu," alinong'ona. "Hiki... tunakianzaje?"

Miaka hamsini alikuwa amekata vitunguu. Alikata misibani, harusini, alikata akiwa na mimba ya miezi tisa. Fundi alizima gesi, akamkalisha kwenye kiti, akasema ni dawa za maumivu, zitaisha mwilini. Akachukua mwenyewe yai akalikaanga. Akatia chumvi, akaonja. Akaongeza. Akaonja tena. Akachota chumvi tupu kwa kidole, akailamba.

Hakuna.

Alilamba tena, chumvi nyingi, mpaka ulimi ukauma. Uliuma tu. Chumvi yenyewe haikuwamo.

*

Jumatatu ya nne mlango ulipogongwa, Chiriku alikuwa anachora sakafuni. Siku hizo alikuwa hasemi sana. Mwalimu wake alikuwa amefurahi, akadhani mtoto amekua. Alisikia ukigongwa mara tatu, akainua kichwa, uso ukamchanua.

"Mama kaja."

Fundi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake.

"Mama yupi?"

"Huyo wa mlangoni."

"Na mimi ni nani, Chiriku?"

Mtoto alimwangalia. Alimwangalia kwa adabu, kama anavyoangaliwa mgeni aliyekuja wakati wakubwa hawapo. Alijaribu kutabasamu.

"Sijui. Unakaa hapa?"

Mlango uligongwa tena. Fundi aliinuka akauendea. Alifungua. Vyombo vya wiki iliyopita vilikuwa tayari kizingitini. Kabla hajajua la kufanya, yule mwanamke alikuwa ameshavinyanyua, ameshaacha vipya.

"Wiki ya mwisho ya majaribio," alisema. "Mtaendelea. Wote huendelea."

Fundi aliangalia mifuniko. Maandishi hayakuwa yanatetemeka tena. Yalikuwa safi, ya kulala kidogo kulia, na herufi M ilikuwa na mkia mdogo mwishoni. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameandika majina ya wateja kwenye bahasha za miwani. Mkia ule aliujua.

Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe.

Jioni hiyo chakula chote alikitia kwenye mfuko wa taka, akaufunga, akautoa nje. Bibi alikuwa amekaa gizani sebuleni.

"Makombo," Bibi alisema ghafla.

"Unasemaje, mama?"

"Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kumwachia mtu baki makombo yetu. Mate ya mtu yako humo. Nilidhani ni kutishia watoto tusiache chakula." Alimshika mkono. "Nimesahau kupika, mkwe wangu, lakini hilo sijasahau. Huyo mtu anachukua mate yetu."

Fundi alitoa simu, akapiga ile namba. Iliita mara moja.

"Jikoni hapa," ilisema sauti, yenye nguvu na uchangamfu. "Haya, nani mwenzangu?"

Fundi aliibana simu sikioni. Aliijua ile "haya, nani mwenzangu". Alikuwa ameisikia kila alipopiga simu nyumbani tangu aolewe. Ilikuwa sauti ya Bibi.

Na Bibi alikuwa mbele yake, mdomo umefungwa, anamwangalia.

"Haloo?" ilisema simu. "Mkwe wangu, ni wewe?"

Alikata.

Tangu usiku huo Chiriku hakula. Mkate ulimtoka mdomoni kama udongo. Maziwa aliyatema. Uji wa Fundi aliuweka ulimini, akaugeuza, akautoa taratibu kwenye bakuli, bila kulia, bila ukaidi. "Ahsante," alisema, "nitamsubiri mama." Jumanne. Jumatano. Daktari wa watoto alimpima, akaandika vitamini. Kufika Alhamisi mtoto alikuwa anapanda ngazi kwa kushika ukuta.

Ijumaa Fundi alimbana dada wa mapokezi kwenye stoo ya fremu, akamweleza yote. Yule dada hakushangaa. Hilo ndilo lililomtisha Fundi zaidi.

"Mwanangu siku hizi ananiita shangazi," alisema dada wa mapokezi, akiangalia kucha zake. "Mwanzoni nililia. Unazoea. Na chakula ni kizuri, uongo?"

"Wanapikia wapi?"

"Usiende."

"Wapi?"

"Nyuma ya dobi. Mlango wa bluu. Niliwahi kupeleka vyombo mwenyewe." Akainua macho, nayo yalikuwa makavu. "Ukienda... niangalizie kama kuna vya kwangu."

*

Alifika jua likizama. Kichochoro kilinuka sabuni na mvuke wa pasi kutoka kwa dobi, lakini kila hatua kuelekea mlango wa bluu harufu ile ilififia, mpaka mlangoni hapakuwa na harufu yoyote duniani. Alikuwa amebeba mfuko mkubwa wa sokoni. Hakubisha hodi. Aliusukuma mlango.

Jiko lilikuwa baridi.

Meko sita ya gesi, hayana hata doa. Sufuria hakuna. Mwiko hakuna. Lakini kuta zote nne, kutoka sakafuni hadi darini, zilikuwa rafu. Na rafu zote zilikuwa vyombo. Mamia. Vimefunikwa, vimepangwa kwa nyumba nyumba. BABU. MAMA. DADA MKUBWA. PACHA. BABA. MTOTO. MTOTO. MTOTO.

Alitafuta mkia wa herufi M. Akauona kwenye kibandiko cha rafu ya chini kushoto. Vya Bibi kumi na vinne, vyake kumi na vinne, vya Chiriku kumi na vinne. Pembeni palikuwa na sinki. Hakufikiri. Alishika cha juu chenye neno MTOTO, akafungua bomba, akakisugua kwa kiganja, mchuzi mkavu ukabanduka ukazunguka ukaingia shimoni. Aliona kwamba akivisafisha vyote, amemaliza kazi ya huyo mchawi.

"Hicho umekiosha," ilisema sauti nyuma yake. "Sasa hakipo tena."

Ilikuwa sauti ya Chiriku.

Yule mwanamke mwenye aproni ya kijivu alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya mlango. Mapajani alikuwa na chombo kilichofunguliwa, na kidole chake cha shahada kilikuwa mdomoni. Alikitoa. Kilikuwa kinang'aa kwa mate.

"Si chako, si changu," aliendelea, haraka haraka, akipepesa macho. "Maji yanaondoa tu, hayarudishi. Mimi sipendi maji. Umekuja na mfuko mkubwa! Wa nini? Unapeleka sokoni?"

Fundi alishika ukingo wa sinki. Alitaka kukimbia, na miguu ilikuwa tayari. Lakini ile kasi ya maneno, ile namna ya kuuliza maswali mawili kabla ya kujibiwa moja... Aliijua vizuri mno. Huyu, chochote alichokuwa, kwa dakika hii alikuwa na ulimi wa binti yake. Na ulimi wa binti yake haukuweza kuficha kitu.

Alivuka chumba. Akachuchumaa mbele ya kile kigoda. Akauangalia uso ule usiokamatika.

"Niambie," alisema taratibu. "Kilichomo kinarudije?"

Macho yalizunguka, kama ya mtoto aliyebanwa. Kisha maneno yakatoka mfululizo.

"Mwenyewe akilamba. Mwenye mate yake. Akilamba mwenyewe kinamrudia, ndiyo maana navichukua mapema, ndiyo maana nawaambia msivioshe, maana mkiviosha hamna kitu ndani, na mimi nisipolamba siwezi kupika. Mimi sijui kupika. Nalamba, halafu kinakuja."

"Wewe ni nani?"

"Sina."

"Huna nini?"

"Sina aliyenipikia." Sauti ya Chiriku ilitetemeka. "Hata mara moja. Sina chakula cha kukumbuka. Nyie mnavyo vingi, na mmechoka navyo, si mnaniandikia wenyewe? Mnaniandikia mmechoka..."

Hapo alinyamaza. Alimeza. Uso ukawa mtupu kama sahani. Ulimi wa mtoto ulikuwa umeisha.

Fundi alikuwa ameshainuka. Alikwapua vyombo vya MTOTO, akavitumbukiza mfukoni: vitano, tisa, kumi na vitatu. Mfuko ukajaa. Alipoinua mkono kuchukua vya BIBI, alisikia mfuniko ukifunguliwa nyuma yake.

Kidole kikikwangua plastiki.

Ulimi.

"Chiriku," ilisema sauti, nzuri, yenye uchovu wa kazini na mapenzi ndani yake. "Njoo ule, mwanangu. Chakula tayari."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Fundi Miwani alikimbia. Mfuko ulimgonga magotini njia nzima, na nyuma yake, kutoka kwenye mlango wa bluu, harufu ya chakula ilianza kutoka. Harufu ya jikoni kwa shangazi yake. Ilimfuata mpaka barabarani.

*

Walimkalisha Chiriku mezani, Bibi upande huu, Fundi upande ule. Mtoto alikilamba cha kwanza kwa sababu alikuwa na adabu tu. Alikikwangua kwa ulimi pembe zote. Akatulia. Kisha akasema, kama anaendeleza mazungumzo ya jana:

"...na mwalimu amekata nywele, zimebaki kama brashi."

Bibi alipiga kelele, akajiziba mdomo.

Cha pili kilirudisha wimbo. Cha tatu kilirudisha hofu ya mende. Kila chombo na chake, mtoto akilamba, akizungumza, akicheka bila kujua anacheka nini. Kwenye cha saba alisimama, akamgeukia Fundi, akamwangalia kwa muda mrefu. Midomo ikaanza kutetemeka.

"Mama," alisema. "Ulikuwa umekwenda wapi?"

Hapo hata meza ililowa machozi.

Alfajiri Fundi alirudi na mifuko mitatu. Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Rafu zilikuwepo, meko yalikuwepo. Na vyombo vyote, mamia kwa mamia, vilikuwa vimeoshwa. Vimeinamishwa sakafuni, kwenye rafu, juu ya meko, bado vinachuruzika.

Tone... tone... tone.

Kama ilikuwa hasira, kama ilikuwa kufuta nyayo, kama ilikuwa huzuni ya namna yake, hajui mpaka leo. Alitafuta chochote chenye doa. Aliinua kimoja kimoja mwangani, kama anavyoinua vioo. Havikuwa na hata alama ya kidole. Dada wa mapokezi alipoambiwa alisema, "Sawa," akarudi kwenye karatasi zake.

Bibi hakurudishiwa jiko lake. Fundi alimfundisha upya, kwa kuandika daftarini, kitunguu kwanza, halafu mafuta. Mwenyewe hasikii chumvi. Anapima kwa kijiko, na mume wake aliporudi safari alisema chakula kina mkono mgeni, lakini kinalika. Aliambiwa kisa chote. Aliamini nusu. Siku moja, peke yake chumbani, aliipiga ile namba. Alitoka hana rangi usoni, akaenda akakaa karibu na mama yake, akamshika mkono jioni nzima.

Chiriku alikuwa mzima. Alisema mchana kutwa. Wakamshukuru Mungu.

Wiki ya tatu mwalimu aliwaita. Mtoto alikuwa ameanguka darasani. Mkobani mwake walikuta chakula cha siku nne, hakijaguswa.

Fundi alichuchumaa mbele yake.

"Mbona hukula, mwanangu?"

"Sikuambiwa."

"Tumbo halikukwambia?"

Chiriku alifikiri kwa bidii. Alitaka kusaidia. "Tumbo linasemaje?"

Fundi alifungua mdomo amweleze. Akasema njaa ni kama kuvutwa ndani. Kama shimo. Kama kukumbuka kitu. Mtoto alisikiliza kwa heshima, akiitikia kwa kichwa, kama anasimuliwa habari za nchi ya mbali ambako hatakwenda.

Ndipo Fundi alipojua ni nini kilichoingia kwenye shimo la sinki ile jioni, kwa kiganja chake mwenyewe.

Sasa wanakwenda kwa saa ya ukutani. Saa moja, saa saba, saa moja. "Chiriku, una njaa," anasema Fundi. "Sawa, mama," anajibu mtoto, anakaa, anakula. Kisha lazima mtu amwambie basi.

Juzi jioni simu ya kazini ilimchelewesha Fundi chumbani. Alipotoka, taa ya jikoni ilikuwa inawaka na Chiriku alikuwa bado mezani, mgongo umenyooka, macho mbele. Sahani ilikuwa tupu, imekauka. Kijiko kitupu kilikuwa kinashuka kwenye sahani, kinapanda mdomoni, kinashuka, kinapanda. Midomo ilikuwa imechubuka.

"Basi, mwanangu," alinong'ona Fundi. "Basi."

Kijiko kikatulia.